Vijenzi vya RNA: hizi A, U, G na C ni vitu, si herufi za ubaoni tu

Benchi_la_Kabete (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za jioni. Kwenye ule uzi wa chanjo watu wote walikuwa wanasema RNA ni ujumbe, RNA ni msimbo, RNA ni maagizo. Sawa, sina ugomvi. Lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza huo ujumbe umeundwa kwa kitu gani. Shuleni tulikariri A, U, G, C, tukapata alama zetu, tukaenda zetu.

Mimi kazi yangu ni ya maabara, huku upande wa Kabete. RNA naishika karibu kila siku ya kazi, na nawaambia ni kitu chenye tabia, tena tabia mbaya. Inaoza, inakatika, inavutwa na umeme. Ukiijua kama kitu, mengi yanaeleweka yenyewe: kwa nini chanjo ya Pfizer ilisafirishwa kwenye baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri, kwa nini mzee akila maini na bia Ijumaa kidole gumba cha mguu kinamuwakia Jumamosi, na kidonge cha ARV kinakizuiaje kirusi.

RNA ni mnyororo wa vipande vinavyoitwa nukleotidi. Kila kipande kina sehemu tatu: sukari, fosfeti na besi.

Sukari yake inaitwa ribosi. Aliyeitambua ni Phoebus Levene, mzaliwa wa himaya ya Urusi aliyehamia New York akafanya kazi Rockefeller Institute. Ilikuwa mwaka 1909. Sukari ya DNA, ile molekuli ndefu inayotunza urithi wetu, ilimsumbua hadi 1929, na mtajua punde kwa nini naona hiyo tofauti ya sukari mbili ndiyo habari yote.

Ribosi ina kaboni tano, na wanakemia wamezipa namba. Namba 1 hubeba besi. Namba 3 na namba 5 hushikana na fosfeti, moja upande huu na nyingine upande ule, ndipo mnyororo unapata kuendelea. Namba 2 ndiyo yenye kesi. Kwenye RNA hiyo namba 2 imebeba oksijeni na hidrojeni yake. Kwenye DNA oksijeni hiyo haipo. Atomu moja tu! Sasa, oksijeni hiyo imekaa ubavuni mwa fosfeti. Ukiiweka RNA kwenye maji yenye magadi, oksijeni inapoteza hidrojeni yake, inaigeukia fosfeti ya jirani na kuishambulia, na mnyororo unakatika papo hapo. RNA imebeba mkasi wake yenyewe. DNA haina, ndiyo maana watu wanasoma DNA ya mifupa ya maelfu ya miaka huku mimi nikihangaika na RNA ya ng'ombe aliyechinjwa asubuhi.

Mbaya zaidi, viumbe wametengeneza vimeng'enya vya kuikata RNA kwa ujanja huo huo wa oksijeni namba 2. Viko kwenye jasho, kwenye mate, kwenye ngozi ya vidole vyako unapobofya simu hii. Kimoja kinaitwa RNase A: unakichemsha, kinapoa, kinarudi kazini. Ndiyo maana ukituona maabara tunabadilisha glavu kila mara, si madaha.

Fosfeti nitaipitia haraka. Ina chaji hasi, na inaupa mnyororo wote chaji hasi. Tunapotaka kujua kama RNA yetu ni nzima, tunaitia kwenye jeli na kuwasha umeme. Yote inakimbilia upande wa chanya, vipande vifupi vikitangulia. Chini ya taa ya urujuanimno, RNA nzima ya seli za mnyama inaonyesha mistari miwili iliyonyooka, wa juu ukiwa mnene kuliko wa chini. Hiyo ni RNA ya ribosomu, ambayo ndiyo nyingi kuliko zote mwilini. RNA iliyooza haina mstari. Unaona utusitusi tu umeteremka hadi mwisho wa jeli. Ukiuona huo saa kumi jioni, na sampuli ilikuwa ya mwisho, hata chai hainyweki.

Kisha besi, ambazo ndizo zile herufi. Ni vipande bapa vya kaboni na naitrojeni vilivyofungwa kama pete. Adenini na guanini zina pete mbili, tunaziita purini. Sitosini na urasili zina pete moja, hizo ni pirimidini. A hushikana na U kwa vifungo viwili vya hidrojeni, G hushikana na C kwa vitatu. G hushikana na U pia, kwa ulegevu kidogo, na RNA hutumia sana huo ulegevu inapojikunja. Maana haikai imenyooka hata siku moja.

La mwisho, halafu niulizeni. Nukleotidi ikija kuunganishwa haiji na fosfeti moja, inakuja na tatu. Mbili zinadondoka pale pale, na nishati yake ndiyo inayolipia kiungo kipya. Ni abiria anayepanda matatu nauli ikiwa mkononi, konda hana haja ya kumdai.

Kijana_wa_Pipeline

Mwalimu umetupeleka mbio lakini nimekupata. Swali: hiyo adenini yenye ribosi na fosfeti tatu si ndiyo ATP? Ile ATP ya upumuaji, inayobeba nishati ya seli, tuliyofundishwa?

Benchi_la_Kabete

Ndiyo hiyo hiyo, haina ndugu pacha. ATP inayokuwezesha kupanda ngazi za ghorofa yako ndiyo ATP inayoingizwa kwenye RNA kama herufi A. Silabasi imeziweka sura mbili tofauti na mwalimu wa sura moja hamtaji mwenzake. Mimi huwa naona hilo ni kosa kubwa la namna tunavyofundisha biolojia nchini.

Ondiek_Mstaafu

Mambo ya kukariri tuliacha 1984. Lete picha.

Binti_wa_Likoni

Ndugu yangu, shukrani, umeeleza vyema. Ila pana jambo halijaniingia. Ikiwa U na A zapatana vizuri hivyo, DNA yatumia T ya nini? Si ingebaki na U tu?

Benchi_la_Kabete

Dada, hilo ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Hiyo T ni thaimini, nayo ni urasili iliyoongezwa kikundi cha methili, yaani kaboni moja na hidrojeni tatu. Kupatana na A, zote mbili zinapatana sawasawa. Kwa hiyo kwa kusoma tu, U ingetosha.

Shida iko kwa C. Sitosini ikikaa majini, kikundi chake cha naitrojeni hubanduka mara moja moja na oksijeni kuingia mahali pake. Ikishafanya hivyo, si sitosini tena. Ni urasili. Hili linatokea ndani ya seli zako kila siku, hulisikii. Sasa fikiria DNA ingekuwa inatumia U kihalali: mkaguzi anakuta U, atajuaje kama ilikuwa U tangu mwanzo au ni C iliyoharibika? Lakini DNA ikitumia T, U yoyote inayokutwa humo ni mvamizi. Inakatwa, C inarudishwa. Kimeng'enya kinachoikata kiligunduliwa na Tomas Lindahl wa Sweden mwaka 1974, na kazi yake ya ukarabati wa DNA ilimpatia Nobeli ya kemia mwaka 2015 pamoja na wenzake wawili.

RNA haijali sana kwa kuwa haiishi sana. Nakala nyingi za ujumbe hukaa dakika au saa kadhaa, zinavunjwa, nyingine zinaandikwa. Na kuiongezea methili ni gharama kwa seli. Kwa nini ugharimie karatasi ya kutupa?

Binti_wa_Likoni

Hapo nimekufahamu barabara. Allah akuzidishie.

Mama_Shiro_Umoja

Mimi nimevutwa na hiyo ya maini na kidole gumba. Mzee wangu ana jongo, mwaka wa pili sasa. Daktari alisema apunguze nyama choma na pombe, yeye anasema ni chumvi tu ndiyo inamsumbua. Hiyo RNA inahusikaje na mguu?

Benchi_la_Kabete

Pole sana mama, jongo ni maumivu makali, hata shuka likigusa kidole mtu anapiga kelele.

Chumvi haihusiki hapo. Kumbuka zile besi zenye pete mbili, A na G. Seli ikizeeka, RNA na DNA yake inavunjwa, na hizo purini zinapitishwa njia moja ambayo mwisho wake ni asidi ya yuriki. Mamalia wengi wana kimeng'enya cha kuivunja hiyo asidi iwe kitu kinachoyeyuka vizuri majini. Sisi binadamu jeni ya kimeng'enya hicho iliharibika kwa mababu zetu zamani sana. Kwa hiyo inabaki kwenye damu tukitegemea figo ziitoe. Ikizidi, inaganda kuwa vijisindano kwenye viungo, hasa vile vyenye baridi zaidi, na kidole gumba cha mguu kiko mbali na moyo. Chembe za kinga zikivikuta hivyo vijisindano ndipo moto unawaka.

Sehemu kubwa ya hizo purini mwili wake unazitengeneza wenyewe, na kwa wagonjwa wengi tatizo hasa ni figo kutozitoa vya kutosha. Lakini chakula kinaongeza. Maini na figo zimejaa seli, na seli imejaa RNA. Nyama ya kawaida pia, maana msuli una ATP nyingi, na nimeshamwambia kijana wa Pipeline ATP ni nini. Dagaa wanaoliwa wazima wamo kwenye orodha hiyo. Bia ina makosa mawili: ina purini zake kutoka kwenye hamira, na kilevi chenyewe kinaziba mlango wa figo. Utafiti wa zaidi ya wanaume 47,000 nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuta wala nyama na samaki wakipata jongo zaidi, bia ikiwa mbaya kuliko pombe kali, na mboga zenye purini hazikuonyesha madhara. Maharage yake na mchicha asinyang'anywe.

Na C na U? Hizo pete zake zinafunguka, zinavunjika kuwa vitu vinavyoyeyuka, zinaondoka kimya. Hakuna anayeugua jongo la pirimidini.

Mfamasia_wa_Mtaa

Naongezea hapo kwa ruhusa ya mwenye uzi. Dawa ambayo daktari huandika kwa jongo la kurudirudi, alopurinoli, ni purini ya uongo. Ukichora hipozanthini, ambayo ni purini iliyo njiani kuwa asidi ya yuriki, kisha ukabadilishana nafasi za kaboni moja na naitrojeni moja, umepata alopurinoli. Kimeng'enya kinaikumbatia kikidhani ni chakula, kinakwama. Waliokuwa nyuma yake ni Gertrude Elion na George Hitchings, waliopata Nobeli mwaka 1988. Mama Shiro, asianze kuimeza katikati ya shambulio bila daktari, inaweza kulirefusha.

Na kwa kuwa umetaja ARV: kidonge ambacho Wakenya wengi wanaoishi na virusi wanameza, TLD, kina dawa tatu, miligramu 300 za tenofovir, 300 za lamivudine na 50 za dolutegravir. Mbili za kwanza ni vijenzi bandia. Kirusi cha Ukimwi hubeba habari zake kwenye RNA, kisha hujinakili kuwa DNA ndani ya seli yetu. Tenofovir inafanana na A, lamivudine inafanana na C. Kirusi kinazipokea na kuziunganisha, lakini hazina ile oksijeni ya namba 3 ya kushikia kipande kinachofuata. Mnyororo unaishia hapo. Tenofovir ilitoka kwa Antonín Holý wa Prague akishirikiana na Erik De Clercq wa Leuven. Mteja akiniuliza kidonge hiki kinafanya nini, namwambia kinakilisha kirusi herufi mbovu.

Sina_Imani

Kwa hivyo mnakubali sasa. Kwenye chanjo ya Korona U iliondolewa ikawekwa kitu kingine cha maabara. Nilisema haya mwaka 2021 mkaniita mjinga.

Benchi_la_Kabete

Hakuna aliyewahi kuficha hilo, lilichapishwa kabla hata Korona haijazaliwa. Tulia nikueleze.

Mwili ukikutana na RNA yenye U za kawaida ikitokea nje, unapiga king'ora kwa sababu virusi vingi huja hivyo hivyo. Wanasayansi Katalin Karikó na Drew Weissman waliona kwamba RNA ya wanyama, hasa ile ndogo inayobeba asidi amino, haisababishi kelele hizo, nayo imejaa besi zilizobadilishwa. Mojawapo ni pseudouridini. Ni urasili ile ile, ila imeshikwa na sukari kupitia kaboni badala ya naitrojeni. Imejulikana tangu miaka ya 1950 na wewe Sina Imani unayo mwilini hivi sasa. Mwaka 2005 walichapisha kwamba ukiitumia mahali pa U, king'ora kinanyamaza. Nobeli ya tiba ya 2023 ni ya kazi hiyo.

Pfizer na Moderna walitumia jamaa yake wa karibu, aliyeongezwa methili moja. Kampuni ya Ujerumani, CureVac, ilibaki na U ya kawaida kwenye chanjo yake ya kwanza ya Korona. Ilibidi watumie mikrogramu 12 tu, wakati Pfizer ilitumia 30 na Moderna 100, na majaribio yao mwaka 2021 yaliishia kwenye kinga ya asilimia 48. Si wote wanaokubali kwamba U ndiyo sababu pekee, lakini mimi ningeweka pesa yangu hapo.

Na baada ya kazi, RNA hiyo inakatwakatwa na vimeng'enya vile vile nilivyovilalamikia juu. Siku zote vinaniharibia kazi mimi, wewe unadhani vitaihurumia ya Pfizer?

Sina_Imani

Nimesoma. Bado sichanjwi.

Kijana_wa_Pipeline

😂😂 Angalau amesoma.

Mkulima_wa_Bomet

Sisi wa mahindi tunaona mnaongea Korona na jongo tu. Ule ugonjwa wa MLN, unaoangamiza mahindi, ulioonekana huku kwetu mwaka 2011 si pia ni RNA?

Benchi_la_Kabete

Ni RNA mara mbili, mzee. Mahindi yanaangamia pale virusi viwili vinapokutana kwenye mmea mmoja, na vyote viwili vina RNA, havina DNA. Hata kile kirusi cha kondoo kilichopewa jina la jiji letu hili la Nairobi, kinachobebwa na kupe, ni RNA. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa upande wa Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930, RNA vilevile. Vijenzi ni vile vile vinne, kwenye jani la mahindi, kwenye kondoo, kwako. Kirusi hakiji na vifaa vyake. Kinatumia nukleotidi za shamba lililovamiwa.

Mtu_wa_Kigamboni

Mkuu, nimepita tu hapa kutoka Dar, uzi mtamu. Mimi nauliza asili. Kabla ya uhai kuwapo, nani alitengeneza hizo nukleotidi?

Benchi_la_Kabete

Karibu mkuu. Hapo ndipo wanakemia wanapigania mpaka leo, ila yapo ya kushika.

Adenini ndiyo rahisi kuliko zote: ukihesabu atomu zake, ni molekuli tano za hidrojeni sayanidi zilizoshikana. Joan Oró aliitengeneza hivyo karibu na mwaka 1960, kutoka kwenye sumu inayoua mtu. Mwamba wa kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969 ulikutwa na urasili. Na vumbi la kijisayari cha Bennu, lililoletwa duniani Septemba 2023, limekutwa na besi zote nne za RNA pamoja na thaimini.

Ugumu ni kuunganisha. Kuchukua besi iliyo tayari na ribosi iliyo tayari na kuzishikanisha bila kimeng'enya, hasa C na U, ilishinda watu kwa miongo. Mwaka 2009 kundi la John Sutherland, Manchester, lilizunguka: hawakutengeneza sukari peke yake na besi peke yake, walitengeneza kipande cha kati ambacho kinazaa vyote viwili vikiwa vimeshashikana. Mimi huo ujanja unanifurahisha kuliko vimondo vyote.

Na imani kwamba RNA ilitangulia DNA na protini haitokani na ushabiki. Thomas Cech na Sidney Altman walipata Nobeli mwaka 1989 kwa kuonyesha kwamba RNA inaweza kufanya kazi ya kimeng'enya, tena moja ya kazi hizo ni kujikata na kujiunga yenyewe. Ile oksijeni ya namba 2 niliyoitukana mwanzoni imo katika mambo hayo. DNA isiyo nayo ni mtunza kumbukumbu tu.

Mtu_wa_Kigamboni

Umemaliza mkuu. Naomba uzi mwingine wa protini.

Mama_Shiro_Umoja

Jamani kabla hamjafunga. Nimemsomea mzee yote haya, amekiri kwamba kuna unga alinunua kwa kijana fulani mjini, mikebe miwili, eti ni "nukleotidi za kurudisha ujana". Anakoroga kwenye maziwa asubuhi. Imeandikwa umetokana na hamira. Unamfaa?

Benchi_la_Kabete

Mama, msimamishe leo hii. Hamira ni mojawapo ya vitu vyenye RNA nyingi sana kwa uzito wake, na kati ya herufi nne, mbili ni purini. Kwa mtu wa jongo huo ni mafuta ya taa juu ya makaa.

Hata kwa asiye na jongo, sioni sababu. Mtu mzima mwenye afya hahitaji kununua nukleotidi. RNA tunayokula inakatwa utumbuni na kimeng'enya cha kongosho, na mwili unajenga zake kutoka vitu vya kawaida kabisa. Ribosi inatoka kwenye glukosi, yaani ugali wake. Pete za purini zinaundwa kutokana na asidi amino, kaboni dioksidi na vijikaboni vingine. Hilo lilijulikana miaka ya 1940 John Buchanan alipowalisha njiwa vitu vyenye kaboni iliyotiwa alama, kisha akachunguza vinyesi vyao, kwa sababu njiwa hutoa asidi ya yuriki. Njiwa hawakununua mkebe wowote.

Mfamasia_wa_Mtaa

Amwambie daktari wake kuhusu huo unga pia, na apimwe asidi ya yuriki upya. Kipimo cha awali huenda kilisomwa akiwa anaukoroga.

Mama_Shiro_Umoja

Ameuanza mwezi wa tatu, na kipimo kilikuwa wa nne. Sasa naelewa kwa nini dawa ilikuwa "haifanyi kazi". Mkebe mmoja haujafunguliwa, Jumatatu naurudisha mwenyewe.

Kijana_wa_Pipeline

Beba risiti, mama.

Mama_Shiro_Umoja

Risiti gani? Alilipa kwa M-Pesa, ujumbe akaufuta nisiuone.